Dakika Arobaini Kutoka Kigoma

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, huko Buyenzi mjini Bujumbura, Mwamvita alimwambia mumewe, "Haruna, chumvi imekwisha." Haruna, mwalimu wa hesabu, akajibu, "Nitaleta." Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida siku ile. Mwamvita alitia mkono kwenye gunia la mkaa, na nyoka aliyelala humo akamuuma. Alikuwa na mimba ya miezi tisa.

Hospitalini, daktari akasema, "Dawa ya sumu hii imekwisha hapa mjini. Ikifika kabla ya saa kumi, mama na mtoto watapona. Ikichelewa, siahidi."

Haruna akapiga simu huku, akapiga kule. Ng'ambo ya mpaka, Kigoma, Tanzania, akampata muuguzi, Sista Nyamizi.

"Ninavyo vichupa viwili, kaka, na ndege ndogo iko uwanjani. Lakini hapa tayari ni saa tisa u nusu!"

Haruna akapiga hesabu. Kwa barabara, nusu siku. Kwa ndege, kilomita mia moja na sabini, dakika arobaini. Zilizobaki, thelathini. Hesabu ilikuwa sahihi. Akaishusha simu.

Shemeji yake Zaituni, aliyekuwa kando akisikiliza, na ambaye kila wiki huvuka kwenda Kigoma kununua mawese, akaipokonya.

"Sista, saa yenu iko mbele ya yetu saa nzima! Huku ni saa nane u nusu. Mimi nimeukuta mpaka umefungwa mara ngapi kwa sababu hiyo! Kimbia, dada!" Kisha akamgeukia Haruna. "Na shule yako yote hiyo, shemeji!"

Nyamizi hakungoja ruhusa ya mkubwa wake. Alichukua vichupa, akakimbia. Rubani Rweyemamu akashusha magunia ya dagaa ya tajiri mmoja, akampakia muuguzi. Waliruka saa kumi kamili ya Kigoma. Walitua saa tisa na dakika arobaini ya Bujumbura. Walifika kabla hawajaondoka!

Saa kumi kasoro dakika mbili, sindano iliingia. Jua halijazama, Mwamvita akajifungua binti. Kilio cha mtoto kilifika hadi getini, na wodi nzima ikapiga vigelegele.

Kwa akina Haruna, mtoto aliyeokolewa hupewa jina la aliyemwokoa. Jina ni moja, na halibadilishwi.

"Ni langu," akasema Nyamizi. "Bila vichupa vyangu, mngeleta nini? Na kesho kazi huenda sina."

"Vichupa havina mabawa, Sista," akasema Rweyemamu. "Nimepasua wingu jeusi juu ya milima, na tajiri wa dagaa ananitafuta. Ni langu."

Zaituni akacheka. "Nyinyi mlikuwa na dawa, mlikuwa na ndege, na bado mlikuwa mmekaa!"

"Wewe ulipiga kelele tu kwenye simu, mama!" akasema rubani.

"Kelele iliyowapa saa nzima. Ni langu."

Mwamvita, kitandani, akatabasamu. "Baba wa mtoto, amua wewe."

Asubuhi yake Haruna alinyoa ndevu, akavaa shati jeupe, akaenda kwenye dirisha la karani wa vizazi. Aliandika tarehe. Aliandika jina la mama, akaliangalia kwa muda mrefu. Kisha akaifikia nafasi ya jina la mtoto.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: mwenye dawa, mwenye ndege, au mwenye kujua saa? Je, nani alistahili mtoto aitwe kwa jina lake?