Kata Moja ya Maji ya Lihanda

Kaeni tuelewane kabla sijaanza. Hadithi hii siisimulii kwa furaha. Kila nikifika mwisho wake damu inanichemka, na kila mara hakosekani mtu wa kunipa jibu la haraka haraka halafu aulize kama chai iko tayari. Leo sitaki jibu la mtu anayewaza chai.

Palikuwa na mjane mmoja wa Kindumba, Mama Editruda, mkulima wa kahawa na mahindi. Katika maisha yake hakuwahi kutembea kwa miguu mbali zaidi ya mnadani. Alikuwa na watoto watatu. Wote watu wazima, wote wana vipaji, na wote wamenuniana.

Oswini, wa kwanza, alikuwa mpasua mbao, na kipaji chake kilikuwa njia. Mtupe katika msitu wowote, atatokea upande anaoutaka. Winfrida, wa katikati, alikuwa mwalimu wa kwaya, na kipaji chake kilikuwa mdomo. Mtu akishafunga mlango kwa hasira, Winfrida akibisha hodi, mtu yuleyule anafungua na kumletea kiti. Gebhadi, kitindamimba, alikuwa fundi viatu, na kipaji chake kilikuwa mikono. Kilichochanika, kilichoteguka, kilichovimba, akikishika kinatulia.

Watatu hawa hawakuwahi kula sahani moja tangu siku walipomzika baba yao. Mnajua waligombania nini? Si shamba, si nyumba. Waligombania nani atangulie kutupa udongo kaburini. Oswini alisema yeye ndiye mkubwa. Winfrida alisema yeye ndiye aliyemuuguza. Gebhadi alisema jina la mwisho baba alilotaja lilikuwa lake. Wakasukumana pale mbele ya padri na waombolezaji, hadi wachimba kaburi wakashika makoleo wakafukia wenyewe. Mama yao alisimama pembeni akitazama. Mimi ningewatandika viboko hapohapo makaburini, lakini sikuwa mama yao.

Yeye aliweka nadhiri. Angekwenda hija kwa miguu mpaka Kisima cha Lihanda, akaombe jambo moja tu: kabla hajafa awaone watoto wake wakila sahani moja. Akawaita wote watatu wamsindikize.

"Asiyekuja," aliwaambia, "asije na kwenye msiba wangu."

Wakaja, kila mmoja na kifurushi chake cha chakula.

Sasa Lihanda ina masharti yake, na nayasema mapema msije mkanisumbua mwishoni. Hija ni kwa miguu. Ukipanda chombo chochote, imevunjika. Ukishaondoka hurudi nyuma, ukirudi, imevunjika. Na anayefika kwa mara ya kwanza hachoti maji ya kisima kwa ajili yake. Anachota kata moja, na kwa kata hiyo anaosha miguu ya mtu mmoja, yule aliyemfikisha. Akishamwosha ndipo ombi lake linapokelewa. Kata moja, mtu mmoja.

Nje kidogo ya Kindumba njia inagawanyika kuwa tatu. Ya kushoto inapanda mlima, ni fupi lakini kali. Ya katikati inafuata mto na kupita vijijini. Ya kulia ni barabara ya lami, ndefu na tambarare. Hapo ndipo makelele yalipoanza, mama hata jasho hajatoa.

"Tunapita mlimani," alisema Oswini. "Mahujaji wa zamani wote walipita huko."

"Wa zamani walikuwa na magoti," Winfrida alimjibu. "Mama atapita mtoni. Huko kuna watu, kuna pa kuomba maji."

"Kuna na matope," alisema Gebhadi. "Mimi naona lami. Lami hata mgeni hapotei."

"Wewe unaona lami kwa sababu kaka kasema mlima."

"Na wewe dada, huo mto uliuota lini?"

Mama Editruda aliutua mzigo wake chini. Na hapa ndipo alipokosea, maskini, maana alifanya kile alichozoea kufanya tangu wakiwa wadogo. Aligawa. Hawa walikuwa watoto ambao ukiwachinjia kuku mmoja wanakudai paja la tatu.

"Nitaanza na mlima wa Oswini," alisema. "Nikishukia ng'ambo nitafuata mto wa Winfrida. Nitamalizia kwa lami ya Gebhadi. Haya, nyamazeni."

Njia hiyo ya vipande vipande ikawa ndefu kuliko zote tatu. Hakuna aliyesema, "Mama, acha, mimi nasamehe kipande changu." Kila mmoja aliridhika kwamba na yeye kapata. Hebu niambieni kama hilo halikasirishi.

Mlimani wakashukiwa na ukungu. Njia ikapotea, kulia kwao korongo, kushoto kwao hawajui kuna nini. Mama alikuwa anatetemeka kwa baridi.

"Turudi," alisema Winfrida.

"Turudi," alisema Gebhadi. Kwa mara ya kwanza walikubaliana, tena kwa jambo baya.

"Mkirudi mmemvunjia hija yake," Oswini aliwaambia. Akapiga magoti, akapapasa majani kwa viganja akitafuta yalipolazwa na nyayo za waliotangulia. Akafunga ncha moja ya kanga kiunoni mwa mama, ncha nyingine akaifunga kwenye mkono wake, akamwongoza kwa kutambaa mpaka wakatokea upande wenye jua. Bila Oswini, hija ingeishia kwenye ukungu ule. Lakini msisahau ni nani aliyetaka mlima.

Mtoni wakakuta daraja la magogo limekaliwa. Wanawake wa kijiji, majembe mkononi, hawataki kumwona hujaji. Mahujaji waliotangulia walikuwa wamekatisha katikati ya maharage yao na kuyalaza chini, huku wakiimba.

"Pitieni kwingine," alisema mwenye shamba, Mama Thekla. "Sala zenu zimekula chakula chetu."

Oswini akakunja mikono ya shati. Gebhadi akaokota gongo. Ndiyo, gongo, safarini kwenda kuomba amani. Winfrida akawapita wote wawili, akasimama mbele ya yule mama.

"Shikamoo mama. Walikuwa wanaimba wimbo gani?"

Mama Thekla akautaja kwa kuubeza.

"Huo naufundisha mimi," alisema Winfrida. "Basi kosa lianzie kwangu. Nionyeshe shamba."

Akaingia matutani, akapiga magoti, akaanza kuinua mche mmoja mmoja na kuushindilia udongo shinani, bila kuimba wala kutoa mahubiri. Baadaye Mama Thekla akaweka jembe chini, akainama upande wa pili wa tuta. Daraja likafunguliwa, na mama akapewa uji kabla hajavuka. Bila Winfrida, hija ingeishia pale darajani. Lakini msisahau ni nani aliyetaka mto.

Kwenye lami jua likawawakia. Viatu vya plastiki vya Mama Editruda vilipasuka, malengelenge yakatumbuka, na kifundo kimoja kikavimba. Oswini akapunga mkono, bodaboda ikasimama.

"Panda, mama," alisema. "Tukikaribia utashuka. Nani atajua?"

"Ni kipande kidogo tu," Winfrida akaongeza. "Mungu anaona miguu yako ilivyo."

Mama akaweka mkono kwenye kiti cha pikipiki. Jamani, alikuwa amechoka. Gebhadi akaushika ule mkono.

"Akipanda hapa, kaka, mlima wako ni bure. Na wewe dada, maharage yako ni bure. Mmemtambaza mama mlimani ili aje ashindwe kwenye tambarare?"

Akamkalisha kando ya barabara. Akamsafisha vidonda, akaukanda mguu mpaka kifundo kikalegea. Akaokota kipande cha tairi lililopasuka, akakata mkanda wake wa suruali na mikono ya koti lake, akashona katambuga laini kwa ndani. Mama akasimama, akajaribu hatua moja, akajaribu nyingine, akaenda. Bila Gebhadi, hija ingeishia juu ya pikipiki. Lakini msisahau ni nani aliyetaka lami.

Ndivyo Mama Editruda alivyofika Lihanda. Katekista Bonitasi, mlinzi wa kisima, akampokea, akampa kata, naye akachota.

"Pole na safari, mama," alisema katekista. "Nani amekufikisha?"

Mama alikuwa hajafungua mdomo. Akageuka, akawakuta wanawe watatu wameshakaa kwenye benchi la mahujaji, wameshavua viatu, na kila mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Bila mimi ungekuwa korongoni, mama," alisema Oswini.

"Bila mimi ungekuwa unatazama mto mpaka leo," alisema Winfrida.

"Bila mimi ungekuwa umempanda shetani wa bodaboda," alisema Gebhadi. "Tena wao wawili ndio waliotaka kukupandisha."

"Na wewe kule mlimani ulitaka turudi," alisema Oswini.

"Si hata dada alitaka?"

"Wewe na gongo lako unyamaze," alisema Winfrida.

Mahujaji wengine kwenye foleni wakaanza kunong'ona. Mama Editruda akawatazama wanawe, mmoja mmoja, kata mkononi. Wanasema alikuwa mama mpole. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Nimekanyaga njia tatu kuja kuomba mle sahani moja," alisema. "Na benchi moja limewashinda."

Walimsikia wote watatu. Lakini hakuna aliyevaa viatu.

Sasa sikilizeni, na msinikatize. Usiniambie awagawie wote watatu. Katekista hakubali, na mimi sikubali. Kugawa ndiko kulikomchubua miguu. Usiniambie amwage maji aende zake. Akiyamwaga, ombi lake halijapokelewa, na miguu ile haimrudishi Lihanda tena. Usiniambie amwoshe Mama Thekla, au dereva wa bodaboda, au ajioshe mwenyewe. Aliyemfikisha ni mwanawe, na wanawe ni hao watatu. Akimwosha mmoja, huyo atatamba kwa mguu huo maisha yake yote, na wawili watarudi Kindumba kama walivyorudi kutoka makaburini. Wala usiniambie kwamba mmoja wao angeinuka kutoka kwenye benchi. Hilo ndilo ninalolisubiri kila nikisimulia, na mpaka leo hajainuka mtu.

Foleni inasogea. Katekista anangoja. Kata imejaa, na maji yanaanza kumdondokea mama kwenye katambuga.

Haya, tena naanza na wewe hapo usiyeongea na dada yako tangu Pasaka. Ungekuwa wewe ndiye umeishika kata ile, ungeinama kwenye miguu ya nani? Na hao wawili utakaowaacha na miguu mikavu, utawaambia nini?