Sala ya Macho Wazi

Kama unamjua mzazi anayelea mtoto mwenye ulemavu, mpelekee kisa hiki leo, usingoje Jumapili.

Katika usharika mmoja wa milimani aliishi Mama Nakunda. Binti yake, Nakunda, alizaliwa kiziwi.

Kwa miaka sita mama huyo alimwombea mwanawe masikio. Alipiga magoti, akafumba macho, akalia. Majirani wakamwambia, "Imani yako haba. Ongeza siku za kufunga." Akaongeza.

Asubuhi moja alifumbua macho katikati ya sala. Akamkuta Nakunda amepiga magoti mbele yake, anamtazama usoni, anangoja. Mtoto alitaka kuijua ile sala. Miaka yote sita mama alikuwa akizungumza na Mungu habari za mtoto, na mtoto mwenyewe amemwacha nje ya mlango.

Tangu siku hiyo alisali macho wazi, kwa lugha ya alama. Hata kanisani.

Nakunda alipotimiza miaka kumi na miwili, mama alimpeleka darasa la kipaimara, linalochukua miaka miwili. Mchungaji Eliapenda, mtu mwema lakini mkali, akakuna kidevu.

"Mama Nakunda, mtihani ni kuikiri Imani mbele ya usharika. Kwa sauti."

"Ataikiri kwa mikono, Mchungaji."

"Mikono hulima, mama. Haikiri."

"Mbona ya kwako hubariki kila Jumapili?"

Mchungaji akacheka bila kupenda. "Una maneno wewe! Haya, akae darasani, nawe uketi naye umfafanulie. Ila siku ya mtihani asiposikika, simpokei. Na uache kusali umekodoa macho. Watoto wanakuangalia."

"Ni kweli, Mchungaji. Wananiangalia."

Siku ya mtihani kanisa lilijaa. Watoto walikuwa kumi na tisa, si ishirini kama wengine wanavyosimulia. Wa kwanza alipofungua kinywa tu, mvua ikashuka juu ya mabati kama magunia ya kokoto. Hakusikika. Wa pili alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mzee wa kanisa wa benchi la mbele akatega sikio, akatikisa kichwa.

Ilipita nusu saa. Mchungaji akatazama saa yake, kisha akapunga mkono: basi, tunaahirisha.

Nakunda akabaki amesimama. Mvua haikumhusu. Akainua mikono, akaanza kuikiri Imani.

Mwenzake wa kulia akainua yake. Kisha wa kushoto. Wenzake wote kumi na wanane, waliokuwa wamemwangalia Nakunda na mama yake kwa miaka miwili, wakakiri pamoja naye kwa mikono, neno kwa neno, chini ya kishindo kile.

Mchungaji alishika kitabu chake, hajui wamefika wapi. Akamwita Mama Nakunda kwa ishara. Mama akamsemea sikioni. Hakusikia kitu.

Nakunda aliliona hilo. Akatoka mstarini, akamsogelea, akaweka kidole kwenye ukurasa. Akawa anakisogeza kadiri mikono ya wenzake ilivyokwenda, mstari baada ya mstari, mpaka Amina.

Mvua ilipopungua, Mama Nakunda akauliza, "Mchungaji, mwanangu amesikika?"

Mchungaji akavua miwani, akaifuta kwa joho. "Amesikika, mama. Leo asiyesikia nilikuwa mimi."

Akageukia usharika. "Tuombe."

Watu wote wakainama, wakafumba macho.

"Hapana," akasema. "Fumbueni. Nakunda naye anaomba."

Funzo: Kabla hujamwomba Mungu ambadilishe mtoto wako, fumbua macho umwone, huenda yuko mbele yako, anangoja msali pamoja.