Pimbi na Chama cha Wenye Uzito

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanafagia nyua na kuitana mikutanoni, palikuwa na nchi ya majabali yenye kisima kimoja tu. Sogeeni niwaambie yaliyotokea hapo kisimani.

Wakubwa wa nchi ile walikuwa na chama chao, Chama cha Wajuzi wa Mipango. Kazi yao ilikuwa kuchunguza namna mambo yanavyofanyika na kutafuta njia bora: malishoni kupitwe wapi, nani atangulie, nani afuate, foleni iende vipi. Mwenyekiti alikuwa Tembo. Katibu alikuwa Faru. Na sharti la kujiunga lilikuwa moja: ukikanyaga, ardhi itikisike.

Mwaka huo mvua ilikataa kabisa. Kila asubuhi wanyama wote walipanga foleni kisimani, na chama kikaamuru: wakubwa mbele, wadogo nyuma.

Basi Tembo anaingia na miguu yote minne. Chubwi! Maji yanakuwa tope. Wote wanasimama kungoja litulie. Anaingia Kiboko. Chubwi! Wanangoja tena. Mpaka wadogo wafikiwe, jua liko utosini na kisimani kumebaki matope.

Siku moja mtoto wa Digidigi alianguka kwenye foleni. Puu! Ulimi nje.

"Mwanangu! Jamani, maji! Tone moja tu!" Digidigi akalia.

"Foleni isivurugwe," akasema Faru.

Pimbi alisikia. Alikuwa mama wa watoto watatu, na nyumba yake ilikuwa pango jembamba kwenye majabali yaliyo juu ya kisima. Akashuka mbio na kibuyu cha maji aliyowawekea wanawe, akamnywesha yule mtoto mpaka akafumbua macho. Kisha akarudi nyumbani, kibuyu kitupu, kifua kimemjaa hasira.

Siku nne alikaa juu ya jiwe akiitazama foleni. Huyu anakunywa kwa muda gani? Yule anachafua kiasi gani? Tope linatulia baada ya muda gani? Siku ya tano akaenda kwenye mkutano wa chama.

"Hodi, wakubwa!"

"Nani huyo?" Tembo akainama. "Mbona simwoni mtu?"

"Ni mimi, Pimbi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi."

"Wadogo watangulie kisimani. Sisi tunakunywa pembeni, wote kwa pamoja, hatuchafui maji, tunamaliza mara moja. Kisha nyinyi mwingie. Hakutakuwa na wa kungoja tope, na kila mtu atafika kwake kabla jua halijawa kali."

Wakatazamana. Halafu wakaangua kicheko. Kwa! Kwa! Kwa!

"Wewe ukikanyaga, hata sisimizi hashtuki!" akasema Faru. "Mpango wa nchi nzima utoke kwenye kichwa kidogo kama kunde?"

Pimbi hakusogea. "Niambieni basi. Mmeukataa mpango, au mmenikataa mimi?"

"Tumekukataa wewe!" Tembo akafoka. "Toka!"

"Natoka. Lakini mpango wangu hautoki."

Kesho yake asubuhi, wakubwa walipokuwa wakipita chini ya majabali kwenda kisimani, Pimbi aliingia ndani kabisa ya pango lake, akaweka mdomo kwenye mtungi mtupu, akapiga ukelele.

"NANI ANAPITA MLANGONI KWANGU BILA SALAMU?"

Vuuum! Majabali yakavuma. Kiboko akakaa chini, puu!

"Sha... shikamoo!" Tembo akababaika. "Nani wewe, mheshimiwa?"

"MJUZI WA MIPANGO."

Faru akamsogelea Tembo sikioni. "Muulize uzito wake."

"NIMESIKIA! NILIINGIA HUMU NIKIWA MCHANGA, NIKAKULIA HUMU. SIKU NIKITOKA, MLIMA HUU UTAKUJA CHINI."

"Lahaula!" Tembo akashtuka.

"Naomba nichungulie kidogo tu," akasema Faru.

"CHUNGULIA. ILA NIKIPIGA CHAFYA, SIJUI UTAANGUKIA NCHI GANI."

Faru akaruka nyuma, akamkanyaga Kiboko mguu. Oooh!

"SIKILIZENI. WADOGO WATANGULIE KISIMANI, WANYWE PEMBENI. NYINYI MFUATE. HAKUTAKUWA NA WA KUNGOJA TOPE."

Tembo akatikisa masikio kwa furaha. "Mmesikia? Hii ndiyo akili! Mimi mwenyewe nilikuwa nawaza hivyohivyo!"

Wakaujaribu mpango siku tatu. Wadogo wakanywa maji safi, chap chap, wakaondoka. Wakubwa wakaingia, chubwi, chubwi, wakaondoka. Mtoto wa Digidigi akaanza kurukaruka tena. Tembo naye akawa anafika kwake kabla hajatoka jasho, akakuta uji bado wa moto.

Siku ya nne chama kizima kilikuja pangoni, na wanyama wote wakafuata. Tembo akainua mkonga.

"Kuanzia leo, mwenye pango hili ni mwanachama wetu wa kudumu! Atakayetaka kumfukuza, aanze kufukuzwa yeye! Tunaapa!"

"Tunaapa!" Wakakanyaga. Tii! Tii! Tii!

"Sasa toka tukuone, mheshimiwa, hata mlima ukibomoka!"

Pimbi akatoka, mtungi kiunoni. Mlima haukubomoka. Kokoto moja tu ilibiringika, kwichi, kwichi, ikatua mguuni pa Faru.

"Umetudanganya!" Faru akanguruma.

"Nimewadanganya ukubwa tu," Pimbi akajibu, macho makavu. "Maneno ni yaleyale niliyowaletea mkutanoni. Kwangu mliyacheka. Kwenye mtungi mkayapigia saluti."

"Kanuni inataka uzito! Ondoka!"

"Siondoki. Mmeapa mbele ya watu. Nifukuzeni, na kesho mrudi kungoja tope."

Digidigi akaja akasimama kando yake. Akaja Sungura. Akaja Kobe, pole pole. Akaja Kanga na vifaranga wake wote. Hakuna aliyeinamisha kichwa.

Kiboko akakohoa. "Mwenyekiti, mimi tope nimelichoka. Huyu mama alisema kweli tangu siku ya kwanza."

Tembo akashusha mkonga. Akasogea, akafungua nafasi katikati ya wakubwa. "Karibu ukae, Pimbi."

"Sikai peke yangu. Digidigi naye aingie, na Kobe, na Kanga. Nao foleni wanaijua, wamesimama mwisho wake miaka mingi."

"Lakini hao wakikanyaga, ardhi haitikisiki!" akasema Faru.

"Basi lifuteni hilo sharti."

Wakalifuta siku hiyohiyo, na Faru ndiye aliyeandika, akinuna.

Funzo lake ni hili, wanangu: wazo pimeni lenyewe, msimpime aliyelileta.