Kidari Kimoja, Mikono Mitatu

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuposa binti wa mfalme, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa na simu mifukoni na bado wakiamini uvumi kuliko simu, paliishi fundi mmoja kwenye mteremko wa mlima, katikati ya migomba na kahawa. Jina lake Ndekirwa. Kazi yake kuchonga majeneza. Tena alikuwa fundi hasa. Watu walisema ukizikwa kwa jeneza la Ndekirwa, hata adui zako watakuja mazikoni, angalau watazame pembe zake.

Mwaka mmoja kichwa kikaanza kumuuma. Akasema ni harufu ya vanishi. Kikazidi. Akasema ni vanishi mpya, ya zamani haikuwa hivi. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Randa akaiita sufuria. Nyundo akaiita shangazi. Siku moja akakabidhi jeneza lenye vifuniko viwili na halina kitako. Wafiwa waligundua walipolinyanyua.

"Baba Aikande," akasema mkewe, Elinaike, "twende hospitali."

"Hospitali nitakwenda siku nikiumwa."

Elinaike alikuwa ameishi na mtu huyu miaka ishirini na sita. Alijua kwamba kwa ajili ya ugonjwa hatoki hata uani, lakini kwa ajili ya kazi atavuka mto uliofurika. Kesho yake akamwambia, "Hospitali kubwa ya mjini wanatafuta fundi wa majeneza. Mkubwa wao anataka kukuona leo hii."

Ndekirwa akavaa koti, akachukua futi yake ya kupimia, wakaenda. Walipomlaza kwenye mashine ya kupiga picha za kichwa, bado alikuwa anauliza mkubwa yuko wapi.

Mkubwa akaja. Alikuwa mwanamke, Daktari Kokubanza, mpasuaji wa ubongo. Akawaonyesha picha. Ndani ya kichwa cha fundi palikuwa na uvimbe mkubwa kama ndimu.

"Huu ni uvimbe mkali," akasema. "Nikiukata, mizizi yake inabaki, na inaota tena haraka. Lakini kuna njia nyingine ya kuongezea. Tutakutia dawa mshipani. Uvimbe unainywa na kuishikilia. Nikishakata ninachoweza kukata, nitamulika mahali pale kwa taa nyekundu. Mizizi iliyokunywa dawa, mwanga utaiua."

"Na mimi?" akauliza Ndekirwa.

"Ngozi yako nayo itakuwa imekunywa. Kwa hiyo wiki mbili jua lisikuone. Likikuona, litakuunguza."

"Umeshawamulika wangapi?"

"Nilikosomea nimesaidia kumulika wengi. Hapa kwetu utakuwa wa kwanza."

Hilo lilikuwa kweli. Taa ile ilikuwa imekaa sandukuni miezi kumi na minane ikimngoja mgonjwa anayefaa. Kila Ijumaa daktari aliifuta vumbi. Walipokubali mume na mke, daktari aliwasikitikia kwa moyo wake wote, kisha akaenda ofisini kwake, akafunga mlango, akacheka kwa furaha. Mwanadamu ana moyo mmoja, lakini una vyumba vingi.

Akampasua. Akakata. Akamulika. Siku ya tatu Ndekirwa akafumbua macho kwenye chumba cha giza, akasema, "Randa." Elinaike akalia.

Lakini wodi za hospitali ile zilijengwa na mtu aliyependa jua: madirisha makubwa, mapazia hakuna. Chumba cha giza kilikuwa kimoja tu, na mgonjwa mwingine alikihitaji. Siku ya nane daktari akasema, "Mama, nyumba yako itakuwa na giza kuliko hospitali yangu. Mpeleke baada ya jua kuzama. Bado siku sita."

Elinaike akampeleka. Akaziba madirisha kwa mablanketi. Akafunga mlango. Mchungaji alikuja kuomba, akamrudisha. Balozi wa nyumba kumi alikuja kupeleleza, akamrudisha. Mawifi walikuja na mtori wa ndizi, akapokea mtori, mawifi akawarudisha.

"Kaka yetu yukoje?"

"Amepumzika."

Aaa, wasikilizaji! Kuna maneno mengi ya kumjibia wifi, na Elinaike alichagua hilo. Kabla mawifi hawajafika barabarani, Ndekirwa alikuwa amekwisha kufa midomoni mwao. Jioni yake alikuwa ameoza. Kesho yake mke alikuwa ameficha maiti ili arithi kiwanja.

Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, Elinaike akateremka zahanati kufuata vidonge, akafunga mlango kwa nje. Hapo ndipo waombolezaji walipofika, wakilia njia nzima. Nyuma yao likaja gari la wazi lenye jeneza, na pembeni ya jeneza amesimama fundi Kisaka.

Huyu Kisaka naye alichonga majeneza, ng'ambo ya mto. Miaka yote alikuwa wa pili. Jeneza hili alilileta bure, zawadi. Na kwa nini? Kwa sababu ulimwengu mzima ungeona kwamba mchongaji bora wa mlima amezikwa katika kazi ya Kisaka.

Vijana wakashusha jeneza uani, wakavunja mlango. Wakararua mablanketi. Ndekirwa akashtuka usingizini, akadhani nyumba inaungua, akatoka mbio hadi uani, kichwa kimefungwa bandeji, shuka linaburutika, kwenye jua la saa sita.

Waombolezaji walipomwona marehemu anakuja mbio, kila mmoja alitafuta njia yake kwenye migomba.

Uso wa Ndekirwa ukawa mwekundu kama pilipili, mikono ikaanza kuvimba. "Giza!" akapiga kelele. "Nipeni giza!" Akageuka nyumbani: mlango hakuna, madirisha wazi, jua limejaa mpaka chini ya kitanda.

Kisaka peke yake hakukimbia. Wengine husema ni ujasiri, wengine husema ncha ya jeneza ilikuwa imemkanyaga mguu. Akafunua kifuniko.

"Ingia, Ndekirwa!"

"Katika sanduku lako? Bora niungue!"

"Ingia!"

Ndekirwa akatazama. "Pembe hizi umezipiga misumari. Hukuzichonga."

"Utanifundisha ukiwa ndani!"

Akaingia. Kisaka akafunika, akavua kiatu, akakipachika ukingoni hewa ipite, akatandaza koti lake juu. Elinaike aliporudi alikuta jeneza uani, na Kisaka ameketi kando yake, mguu mmoja peku, anabishana nalo.

Ngozi ilibabuka, ikapona. Baada ya miezi mitatu picha ilikuwa safi. Daktari alifurahi, lakini hakudanganya. "Uvimbe wa namna hii hupenda kurudi. Nimekuongezea muda, fundi. Mwaka, labda miwili, Mungu akipenda zaidi."

Ndekirwa akachinja beberu. Katika ukoo wake, kidari cha shukrani huliwa na mtu mmoja, na hakikatwi. Akasimama mbele ya wageni, kisu mkononi, akasema, "Kidari hiki ni cha aliyeniokoa."

Mikono mitatu ikanyooka.

"Ni changu," akasema Daktari Kokubanza. "Mkeo alikuleta, lakini kuleta si kutibu. Bila mwanga wangu, leo tungekuwa tunakula nyama ya matanga."

"Mwanga wako ndio ulioleta haja ya giza," akasema Elinaike, "na giza nililitafuta mimi. Nilimdanganya mume wangu ili aje kwako, mimi mzee wa kanisa. Nimeitwa mficha maiti, nikanyamaza. Bila mimi, taa yako ingekuwa sandukuni mpaka leo."

"Mama Aikande," akasema Kisaka, "wewe ulimfungia, na kwa kumfungia ukawaleta waombolezaji mlangoni. Daktari, wewe ulimtoa hospitali siku sita kabla. Mimi hamkunituma. Lakini jua lilipomshika, mwenye kivuli alikuwa nani?"

"Ulikuja kumzika!" akasema Elinaike.

"Nilikuja kumzika, nikamwokoa. Wewe ulikuja kumwokoa, ukakaribia kumzika. Mungu anatazama lipi?"

Wakabishana. Wageni wakagawanyika, wapishi pia. Mchungaji aliombwa ahukumu, akakumbuka ana ibada mahali. Mafuta ya nyama yakaanza kuganda.

Ndekirwa akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine. Aliwapenda wote, na huo ndio ulikuwa ugumu wake. "Ndugu zangu," akasema taratibu, "muda mlioniongezea ndio huu mnaoumaliza."

Lakini hakuna hata mmoja aliyerudisha mkono.

Haya, nanyi mliokaa hapa mkinisikiliza, msiniangalie mimi. Yuko aliyemdanganya, yuko aliyefurahia ugonjwa wake, yuko aliyemletea jeneza. Na bila mmoja wao Ndekirwa hayupo. Je, nani alistahili kidari?