Hapana Isiyo na Asante

Ti. Ti-ti. Gizani, kabla ya alfajiri, koleo la chuma liligonga ukingo wa chetezo. Bibi Saltanat alikuwa akichagua kaa la moto ili afukize mbegu za kufukuza husuda, kama alivyofanya tangu binti yake Mahrokh arudi kuishi naye. Alifanya kwa mapenzi. Hakujua kwamba mlio ule mdogo ulimfikia Mahrokh kitandani kama ndoana imfikiavyo samaki. Mate yalimjaa kinywani, viganja vikalowa, na mwili mzima ukaanza kudai kitu ambacho hakikuwamo ndani ya nyumba ile. Kando yake, binti yake wa miaka sita, Tarlan, alilala fofofo, mguu mmoja juu ya tumbo la mamaye. Mahrokh aliushika ule mguu mdogo wenye joto, akaushikilia mpaka kukapambazuka.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Silaha isiyofika alipo adui ni pambo tu, hata ikiwa ya dhahabu. Mahrokh, mwanamke wa mji wa Kerman, hakuwahi kuisikia methali hii, lakini mwaka ule aliiishi.

Nyoka wake aliitwa afyuni, na hakumwokota mtaani. Baada ya kujifungua, mgongo ulimsumbua sana. Shemeji yake Jahanbakhsh, kaka mkubwa wa mumewe, mtu mkarimu asiyeweza kula pistachio peke yake, alimnyooshea kiko cha afyuni baada ya chakula, kaa la moto likiwa limebanwa kwa koleo, akasema hiyo ni dawa waliyotumia wazee. Mahrokh alikataa, akakataa tena, kisha shemeji akaapa kwa kifo chake mwenyewe kwamba lazima aonje. Akaonja. Kidogo kidogo dawa ikawa bwana, naye akawa mtumwa. Siku moja ya baridi usingizi wa afyuni ulimzidi nguvu, na jirani akamkuta Tarlan uani, kwenye theluji, miguuni ana soksi tu.

Mahrokh aliapa kuacha, akarudia. Aliapa tena, akarudia tena. Ndipo mama mkwe wake, Bibi Nosrat, alipokata kauli mbele ya wote: mkono wa Mahrokh ukigusa kiko kwa mara nyingine, Tarlan atalelewa kwake. Mumewe Kamyar, aliyekuja likizo kutoka mgodi wa shaba, aliinamisha kichwa asiseme neno. Na sikukuu ya Nowruz ilikuwa inakaribia. Siku ya mwaka mpya wadogo huanza kwa kuwaamkia wakubwa, na Bibi Nosrat aliishi nyumbani kwa Jahanbakhsh. Kutokwenda kungekuwa tusi. Kwenda kulikuwa kuingia shimoni mwa nyoka.

Mahrokh hakukaa kusubiri huruma. Alijiandikisha kwenye kituo kimoja mjini ambako Daktari Anis alikuwa akitibu uchu kwa miwani ya uhalisia pepe. Mtu huvaa miwani hiyo, akajiona yupo mahali pa vishawishi, huku kifaa kidogo kidoleni kikisoma mapigo ya moyo wake. Hukataa, kisha hukaa palepale na uchu wake bila kuulisha, mpaka unyongʼonyee. Akirudia mara nyingi, mwili hujifunza kwamba uchu, kama mgeni asiyepewa chakula, mwishowe huaga.

Lakini kilichoonyeshwa ndani ya miwani kilikuwa bustani na kijana mwenye kofia aliyeuza vifurushi chini ya mti. Mahrokh alisema hapana, kijana akatoweka. Moyo wake haukutikisika hata kidogo. Baada ya majuma machache daktari alimpongeza, akamwambia yu karibu kuruhusiwa. Mahrokh alivua miwani akaikataa ile pongezi.

Wakati huohuo Iraj, fundi wa kompyuta, aliingia na sinia la chai.

"Karibu chai, dada."

"Asante, usijisumbue."

"Kidogo tu. Imeiva vizuri."

"Wallahi nimekunywa nyumbani, asante."

"Kwa haki ya mama yangu, utakunywa," alisema Iraj, akamimina.

Mahrokh aliipokea glasi, akapiga funda moja, kisha akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mmeona? Wala sikuitaka hii chai," alisema. "Daktari, mimi sijawahi kununua afyuni hata punje. Nilikaribishwa. Huyo kijana wenu anaambiwa hapana moja tu anayeyuka. Ametoka sayari gani? Kwetu hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni heshima, na ya tatu mkono umeshanyooka."

Daktari Anis aliitazama ile glasi. Yeye pia alikuwa mzaliwa wa Kerman, na maishani alikwisha kunywa chai nyingi asizozitaka. Alimwonya kwamba wakimwekea shemeji yake ndani ya miwani badala ya yule kijana, moto utakuwa karibu mno, utamuunguza. Mahrokh akamjibu kwamba ameshaungua, sasa anataka kujifunza kuzima.

Basi wakaijenga sebule ya Jahanbakhsh ndani ya miwani: zulia jekundu lenye ua katikati, mito ya kuegemea, jiko la makaa. Mlio wa koleo Mahrokh aliurekodi mwenyewe kwa mama yake, na alipomweleza kwa nini, Bibi Saltanat alijipiga kifua, akasema hatafukiza tena. Mahrokh alimkataza kuacha. Tangu siku ile akawa anaamka alfajiri na kuketi karibu na chetezo, akiukabili mlio ule uso kwa uso.

Sauti ya shemeji aliitoa Iraj, kwani naye alikuwa na ami wa aina hiyo. Siku ya kwanza mkono wa Mahrokh ulinyooka wenyewe, vidole vikafumba hewa tupu. Alipovua miwani na kuuona mkono wake umekamata hewa, alilia kwa uchungu. Daktari akashauri warudi bustanini kwanza.

"Nikapigane na mtu asiyenijua?" alisema Mahrokh. "Nirudishieni shemeji yangu. Na safari hii aniapie kifo chake."

Iraj alilalamika kwa utani kwamba kazi hii itamvunjia ndoa, maana siku hizi akimkaribisha mkewe hata mkate, mke anamwangalia kwa shaka. Lakini aliapa kama alivyotakiwa, tena na tena. Mahrokh alianguka mara nyingi kabla hajagundua tundu alimopenyea nyoka. Kila aliposema hapana pamoja na asante, mkono uliifuata ile asante. Akaamua kuiziba.

Nyumbani, akichambua majani ya mboga, alijifunza kwa sauti: sitaki, sitaki, sitaki. Tarlan alimuuliza anasema na nani. Mamaye akamwambia anajifunza hapana isiyo na asante.

"Mama, si utovu wa adabu huo?"

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mahrokh, akambusu utosini. "Tena mkubwa."

Siku ya Nowruz sebule ilijaa. Biskuti za tende zilipita, watoto wakapewa zawadi zao, na baada ya chakula Jahanbakhsh akavuta jiko la makaa karibu. Ti. Ti-ti. Jasho lilimtoka Mahrokh mgongoni. Bibi Nosrat aliacha kutafuna. Hakutazama uso wa mkaza mwanawe, alitazama mkono.

"Nasikia siku hizi umeolewa na mashine," alisema Jahanbakhsh kwa ucheshi, na watu wakacheka. Akanyoosha kiko. "Njoo, mke wa ndugu yangu. Kidogo tu, kwa ajili ya mgongo."

"Sitaki."

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyezoea kusikia neno lile likiwa uchi namna hiyo. Jahanbakhsh alidhani anatia madaha, akamsihi tena.

"Sitaki."

"Kwa kifo changu, Mahrokh."

"Mungu akupe umri, shemeji. Ukifa nitakulilia. Sitaki."

Moyo ulimpiga kama mlango unaogongwa na askari. Angeweza kuinuka akimbilie uani, na pengine wote wangemwelewa. Hakuinuka. Alikaa palepale kwenye zulia jekundu, viganja vikiwa magotini, akauacha uchu uje, upande, ulie, mpaka akausikia unaanza kushuka. Mkono haukusogea. Kamyar, aliyekuwa kimya miezi yote ile, alisogea akaketi bega kwa bega naye. Kweli fimbo ya mbali haiui nyoka. Mahrokh alikuwa ameileta yake mpaka kichwani pa nyoka.

Jahanbakhsh bado alikuwa amekinyoosha kiko, akitabasamu, akingoja adabu imalizike. Tarlan akaweka chini pistachio aliyokuwa akiimenya, akamtazama.

"Ami, mama amesema hataki."