Laini ya Mtoto

Wapendwa, hizo simu mnazozificha chini ya kitenge leo ziacheni juu, maana mfano wangu unazihusu.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyekwenda kutafuta maisha nchi ya mbali, nchi ya baridi. Mwanzoni alipiga simu nyumbani kila Jumapili. Kisha mambo yakamwendea kombo, ahadi alizowaachia watu zikamshinda, akaona aibu. Akanyamaza miaka sita. Mnaijua aibu ya namna hiyo? Inamfanya mtu aikwepe hata sauti ya mama yake mzazi.

Siku moja akapata kibarua kwenye ghala. Msimamizi akamwambia, "Hapa zamu tunagawa kwa simu janja. Fungua akaunti leo. Kesho asubuhi nisipokuona humo, namwita mwingine."

Akanunua simu ya mtumba na laini mpya, akakaa kwenye ngazi za ghala, akaanza kujaza. Jina, akajaza. Nchi, kidole kikaenda chenyewe kikachagua ya nyumbani. Namba ya simu, akaandika ile ya zamani aliyoiacha kwao, kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Simu ikamwambia: tumetuma tarakimu sita kwenye namba hiyo, ziingize hapa. Akataka kurudi nyuma, ikagoma.

Mwenzake, naye mtu wa kwetu, akacheka. "Laini ya miaka sita? Isipotumika wanaifunga, wanampa mtu mwingine. Mpigie huyo aliyepewa, umbembeleze. Ila atakuona tapeli."

Angefanyaje? Akapiga. Ikaita, ikapokelewa.

"Samahani sana," akaanza, "kuna ujumbe wa tarakimu sita umeingia kwenye simu yako. Naomba unisomee. Mimi si tapeli."

Sauti ya mama ikasema, "Najua si tapeli. Ni mwanangu."

Kumbe mama yule alikuwa na simu ya batani, ya laini mbili: moja yake, moja ya mwanawe. Kila mwisho wa mwezi aliiwekea vocha ile ya mwanawe, akampigia mwalimu wa kwaya. "Sina neno, mwalimu. Naipasha moto tu laini ya mtoto." Anakata. Miaka sita, hakukosa mwezi hata mmoja, na majirani wakimcheka. Mimi namvulia kofia. Nimekaa chuo cha theolojia miaka mitano, na imani ya namna hiyo, iliyovaa ndala na kwenda dukani kununua vocha, sikufundishwa.

"Mama, ulijuaje kwamba nitapiga?"

"Sikujua. Nilijua tu kwamba namba hii huwezi kuisahau."

Akamsomea tarakimu moja moja, na katikati wakalia wote wawili, wakaulizana habari za watu wote, waliopo na waliokwisha kufa. Kijana alipofuta macho na kuziingiza, simu ikazikataa.

"Mama, nimechelewa. Muda wake umekwisha."

"Basi omba nyingine, baba. Mimi nipo hapa hapa."

Ndugu zangu, kijana huyo ni sisi. Tunasema, nitaanzaje kuomba leo, miaka yote hii nimekaa kimya? Huko juu walishanifungia laini, nafasi yangu kapewa mwingine. Nani kakwambia? Kakwambia mwenzako mliyekaa naye kwenye ngazi. Aliyeishika laini yako umemuuliza?

Nasema na wewe uliyekaa karibu na mlango ili uwahi kutoka. Ulitubu mwaka juzi, ukaanguka, unaona muda umekwisha. Omba tena. Yeye yupo hapo hapo, na hajachoka kuipasha moto laini yako.

Tusimame tuombe. Na ibada ikiisha, kabla hujauliza chakula, mpigie na mama yako.