Mtoto Tuliyemchangia

Sogeeni, ndugu zangu. Wale wa mlangoni ingieni ndani, nafasi ipo hapa mbele. Sijui kwa nini watu huviogopa viti vya mbele kana kwamba vimeloa. Neno mmelisikia likisomwa. Sasa nipeni masikio kidogo, nina mfano. Ni mfano tu. Ukimwona jirani yako ndani yake usimgeukie kumtazama, maana huenda na yeye anakuona wewe.

Palikuwa na mama mmoja mjane, mkulima wa viazi katika nchi ya milima, kule ambako baridi ya Juni inamfanya mtu aoge kwa kujilazimisha. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Mungu hakumpa wa pili, na mume hakukaa sana. Mtoto yule alikuwa na kichwa chepesi. Alifaulu darasa la saba, akafaulu kidato cha nne, akafaulu cha sita, na kila alipofaulu mama alishangilia mchana, usiku akakosa usingizi, maana mtoto wa maskini akifaulu, furaha yake huja na gharama. Naona wengine mnacheka. Wenye watoto shuleni hawacheki.

Nafasi ya chuo ikatoka. Mkopo wa serikali nao ukatoka, lakini nusu. Nusu nyingine, wakaambiwa, familia itajazia. Familia yenyewe ni nani? Ni yule mama na jembe lake. Akauza viazi vikiwa bado ardhini, kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba muuzaji hana pa kwenda. Akauza na kitanda alichoachiwa na marehemu. Pengo likabaki vilevile. Basi akaenda kwa mzee wa kanisa, akamweleza yote huku akikunjakunja pindo la kanga, na mzee akamwambia, "Mama, mtoto huyu si wako peke yako. Jumapili tutasimama naye."

Na kweli walisimama naye. Sitaki mdhani nawasema vibaya watu wale, walitoa. Baada ya ibada wakafanya mnada pale nje, kama tufanyavyo sisi. Mwenye fedha alitoa fedha, asiyekuwa nazo alileta mayai, alileta maboga, alileta mahindi. Kuku mmoja mwekundu alinunuliwa, akarudishwa mnadani, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, mpaka kuku mwenyewe akachoka kubebwa kichwa chini. Watu walicheka na kupiga vigelegele, na jua lilipokuwa linainama ada ilikuwa imetimia. Mama akapiga magoti mbele ya wote. Alitaka kusema asante, akaiona asante ni ndogo mno. Akasema, "Huyu ni mtoto wenu. Akimaliza masomo hatawasahau. Atamkumbuka kila mmoja wenu kwa jina."

Nani kati yetu angesema tofauti? Ni maneno ya adabu, tunafundishwa tangu utoto. Lakini angalieni: ahadi ile aliitoa mtu mmoja, na wa kuibeba alikuwa mwingine. Kijana alikuwa amesimama pembeni na begi lake, anatazama viatu vyake. Hakuna aliyemwuliza neno.

Akasoma, akamaliza. Siku ya mahafali mama alikwenda amevaa kitenge cha kuazima, akapigwa picha na joho la mwanawe begani, na aliporudi kijiji kizima kikambatiza jina jipya: Mama Digrii. Alijifanya halipendi. Alilipenda sana.

Kijana akapata kazi ya mkataba katika ofisi moja mjini. Mshahara wa kwanza aliuleta wote kwa mama yake, kama ilivyo desturi, na mama akauwekea mkono, akamwombea, akamrudishia zaidi ya nusu. Mshahara wa pili ukaanza kukatwa ule mkopo. Toa mkopo, toa pango la chumba, toa nauli ya kwenda kazini, kilichobaki kilikuwa cha sabuni na chumvi. Lakini kijijini nani anajua habari za makato? Kijijini wanajua kwamba mtu ana digrii.

Krismasi akaja nyumbani, nao wakampokea kwa furaha. Sisi hatujui kumpokea mtu vibaya. Mzee mmoja aliyenunua yule kuku akaja na mjukuu wake, atafutiwe kazi. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake akaja kueleza kwamba jiko lake linavuja na bati zimepanda bei. Kamati ya ujenzi wa kanisa ikampangia kiwango cha mchango, kikawa kikubwa kuliko cha mwenye duka, kwa sababu yeye ni msomi. Kijana akatoa alichokuwa nacho. Kilipokwisha akatoa na nauli yake ya kurudia, ikabidi mama aende kwa jirani kumkopea nyingine.

Alipokuwa hana tena, hakuna aliyemtukana. Walitabasamu tu, wakasema lile neno. Mnalijua. "Sisi ndio tuliokusomesha." Aliambiwa bombani, akaambiwa dukani, akaambiwa hapo hapo mlangoni mwa kanisa, mkono wake ukiwa bado umeshikwa kwa salamu ya amani. Aliambiwa kwa upole, kwa utani, kwa kupigwapigwa begani. Masimango ya watu wa Mungu huja hivyo, yamevaa vizuri, na ndiyo maana yanaingia ndani sana.

Mkataba wa kazi ukaisha, haukurudiwa. Mkopo haukuisha. Hilo kijana hakumwambia mama yake. Alimwambia kazi inaendelea. Pasaka hakuja. Krismasi iliyofuata hakuja. Mama akampigia simu kumsihi aje hata siku moja, alale usiku mmoja tu, aondoke.

Kijana akamjibu, "Mama, mkono mtupu haulambwi. Nikipata kitu nitakuja."

Mama akamwambia hataki kitu, anataka kumwona yeye. Kijana akasema, "Wewe hutaki, mama. Wenzako je?"

Wewe hapo ungemjibu nini?

Simu zikapungua, mwisho namba ikawa haipatikani. Watu wakaanza kusema kwamba shukrani ya punda ni mateke, na walisema mama mwenyewe akiwapo, naye aliinama akaendelea kupalilia. Hakutamani tena nyumba ya bati wala watu kumwita Mama Digrii. Alitamani jambo moja tu duniani, kumwona mwanawe akiinama kupita mlango ule mfupi wa jikoni. Basi.

Ikatokea mwaka mmoja umoja wa wanawake ukaalikwa kwenye mkutano katika mji mkubwa wa mkoa. Mama naye akajiandikisha. Mnadhani alifuata mahubiri? Alikwenda kutazama nyuso. Kila kijana mwembamba aliyepita barabarani alimtazama mara mbili, mpaka wenzake wakamtania kwamba anatafuta mume uzeeni. Akacheka nao.

Siku ya kuondoka walikwenda sokoni kununua vitenge vya sare na masufuria makubwa ya jiko la kanisa. Mizigo ikawashinda. Mwenyekiti akaita mchukuzi, na akaja kijana mmoja, kofia kaishusha hadi kwenye nyusi, fulana imechakaa mabegani, akainama kufunga mizigo kwa kamba bila kuinua uso.

Mama alikuwa nyuma, akaona kisogo. Ndugu zangu, kisogo ulichokinyoa kwa wembe tangu mtoto hajajua kutambaa, unaweza kukikosea? Alikuwa hai. Mwanawe alikuwa hai, yuko pale pale, angenyoosha mkono angemgusa. Akafungua kinywa amwite.

Lakini mwenyekiti alikuwa ameshainama anamchungulia chini ya kofia. "Wewe," akasema, "si ndiye msomi wetu?"

"Umenifananisha, mama," kijana akajibu, anavuta kamba.

"Nikufananishe wewe? Mimi niliyekutolea madebe mawili ya mahindi?" Akageuka, na wanawake wote wakageuka naye. "Mama Digrii, hebu sogea. Huyu si mwanao?"

Hapo kijana akainua uso, na mama akamwona. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka. Macho yake yalikuwa yanaomba. Mama aliyajua macho yale, mwanawe alikuwa akimwomba hivyo zamani alipovunja kitu na hataki baba ajue. Hayakuomba fedha. Yaliomba aachwe aende.

Jiweke pale, wewe mzazi. Ukisema ndiye, umempata, lakini umempata mbele ya madebe mawili ya mahindi, na kamba ya mizigo mkononi, na kabla hamjafika nyumbani habari itakuwa imekwisha kupikwa na kupakuliwa. Ukisema siye, umempoteza kwa kinywa chako mwenyewe. Ungesema nini?

Mama akasema, "Siye. Wangu mnene kidogo." Kisha akamwambia kijana, "Samahani, baba. Watu wanafanana."

Wanawake wakacheka, wakamtania mwenyekiti kwamba anahitaji miwani. Kijana akajitwika masufuria na vitenge, akatangulia. Mama akafuata nyuma yake njia nzima, anaitazama ile shingo inavyotetemeka kwa uzito, na hakuweza hata kumwambia apumzike, kwa sababu hakuna mtu anayemwonea mchukuzi huruma kiasi hicho. Walipofika walikofikia, mwenyekiti akapunguza ujira kwa kuwa, alisema, kijana ametembea polepole. Mama akafungua fundo la kanga yake, akaongezea. Akamlipa mwanawe kama anavyolipwa mchukuzi, na mwanawe akapokea kwa mikono miwili.

"Asante, mama," akasema.

Mama akatafuta neno ambalo mama yeyote anaweza kumwambia kijana yeyote. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Alikuwa hajala. Mama alijua. Kijana akazungusha kamba begani, akatoka getini, akapotea katikati ya watu.

Najua mnangoja. Mnangoja niseme kwamba alirudi, akapata kazi kubwa, akamjengea mama yake nyumba, tupige makofi twende tukanywe chai. Hakurudi. Mama alirudi kijijini na sare yake, na alipoulizwa habari za mwanawe alisema hajambo, yupo. Mfano wangu unaishia hapo, na mimi mwenyewe ningependa uishie kwingine.

Sasa niambieni, pale sokoni nani alimkana nani? Kijana alimkana mama yake? Mama alimkana mwanawe? Mimi naona wale wawili walikuwa wanapendana kuliko mtu mwingine yeyote pale. Waliotenganishwa ni wao, na aliyewatenganisha ni yule wa madebe mawili. Naye ni sisi. Mimi na wewe ndio tunaotoa mchana mbele ya watu, kisha tunadai miaka yote kidogo kidogo kwa tabasamu. Serikali ilimkopesha, na mkopo wake ni mzito, sikatai. Masomo ya nchi hii yanamla mzazi mifupa, na wakubwa wanapaswa kuulizwa hilo, nanyi waulizeni. Lakini serikali angalau ilisema tangu mwanzo kwamba ni mkopo. Sisi tulisema ni zawadi. Tulipiga na vigelegele. Deni letu halikuwa na kiasi wala siku ya mwisho, na mtoto aliposhindwa kulilipa akalipa kwa kulikana jina lake.

Tuna watoto wangapi wa namna hiyo? Kila Krismasi tunahesabu waliokuja, na waliokosekana tunasema wamelewa mji. Tenda wema nenda zako, tunasema hivyo kila siku, kisha tunatenda wema na kukaa hapo hapo, tunangoja.

Ibada ikiisha, mnajua, kuna binti yetu anakwenda chuo. Mkopo wake umetoka nusu. Mama yake ameketi pale nyuma, na tutamchangia. Mama, nakuomba jambo moja: leo usipige magoti, na usituahidi kitu kwa niaba ya mtoto. Nasi wengine, kila mtu aitazame fedha yake kabla hajaitoa. Ukiona hutaweza kuisahau, irudishe mfukoni uende nayo nyumbani, Mungu hatakuhesabia dhambi, wala mimi sitakuuliza. Binti huyu akipungukiwa ada tutajua la kufanya. Akiogopa kurudi kwa mama yake, hatuna mnada wa kumrudisha.